Spika Iliyochanika ya Kasingirima

Nilianza kuisikia kabla ya kuiona. Kwenye simu ya rafiki yangu, Dodoma, gitaa la umeme lilinguruma kama injini ya boti inayokataa kuwaka, na juu yake mwanamke akaimba kwa Kiha. Ni bendi ya roki ya Kigoma, rafiki akasema, wanapigia ndani ya gereji. Nikapanda treni nikaandike historia yao.

Tabora tulikaa mno. Tulipoteremka Kigoma, ziwa lilikuwa jeupe kwa jua.

Ufukweni Kibirizi nilimkuta Riziki, mwimbaji wao, akigeuza dagaa juani. Alinieleza bila kuacha kazi kwamba hufanya mazoezi wakati wa mbalamwezi tu, kwa kuwa siku za giza Sefu, mpiga dramu wao, huwa ziwani na taa zake za uvuvi. Na ule mngurumo? Spika yao ilichanika tangu mwanzo, wakakosa nyingine, wakaizoea, mwisho watu wakaja kuufuata huo mchaniko.

"Sasa kaka yangu kanunua mpya," akasema. "Anataka tupige harusini."

Jioni, gerejini kwao Kasingirima. Tito, kaka yake, fundi magari na mpiga gitaa wao, alikuwa ameshafunga spika mpya. Gitaa likatoka safi kama maji ya kuchujwa. Riziki akakataa kuimba. Sefu akasema hata dagaa wangesinzia. Tito akanigeukia.

"Mgeni, wewe unasemaje?"

Nikasema ile ya zamani, ndiyo iliyonileta.

"Wewe utaondoka na hadithi nzuri," akajibu bila hasira. "Mimi wenye harusi wananirudisha mlangoni, wanasema nina chombo kibovu. Nina watoto, ndugu yangu."

Nilikuwa nimeipenda dhiki yao kuliko walivyoipenda wao, nikaiita sanaa.

Siku ya kurudi nilipitia gereji kuaga. Tito alikuwa amevaa shati jeupe. Anakwenda kupiga harusini Ujiji, na wapigaji wasio wa bendi yao. Alimwomba dada yake mara ya mwisho aende naye kuimba. Riziki akatikisa kichwa.

"Nikiimba na hiyo spika safi nitakudanganya, kaka, moyo wangu haumo. Nenda."

Tito akajitwika spika mpya begani. Riziki akamfuata hadi mlangoni, akamnyoosha kola, akamwambia awapigie maharusi vizuri. Kisha akaurudisha mlango taratibu, akabaki upande wetu, mimi na spika ya zamani.