Usimwage Maji

Watu huniambia hasira hasara. Nawajibu kwamba hasara tumeshaipata, hasira ndiyo iliyobaki, na hiyo siitoi. Ngoja nikusimulie habari za dada yangu, halafu uniambie kama wewe ungenyamaza.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, somo la stadi za maisha. Mimi ni mdogo wake, nafundisha darasa la tatu, na kwa miaka mingi tulikuwa shule moja. Watoto walimwita Mwalimu Kifungo, na jina hilo hakulipata bure. Mtoto akija na shati lisilo na kifungo, dada hakumgombeza wala hakumuuliza kwao kukoje. Alimpa sindano na uzi, akamketisha kibarazani, na hapo hatoki mpaka akishone mwenyewe. Wavulana waliojidai kwamba hiyo ni kazi ya dada zao aliwauliza swali moja tu: "Dada yako ndiye anayelivaa hili shati?" Basi, wakashika sindano.

Haya mambo hayakuanzia chuoni. Mama yetu aliugua tukiwa wadogo, na dada ndiye aliyekuwa mkubwa. Shuleni alikuwa anaongoza. Alikuwa anataja mito ya nchi ambazo hakuwahi kuziona, lakini asubuhi ambayo mama alishindwa kuinuka kitandani, hakujua hata jiko linawashwaje. Aliketi mbele ya jiko akilia, mama anamwelekeza kutoka chumbani kwa sauti ya mgonjwa, mimi nalia kwa njaa, vilio viwili na jiko baridi. Ukubwani aliniambia kwamba mtoto hapaswi kujifunza jiko siku ambayo mama yake anaumwa. Hilo ndilo lililomfanya awe mwalimu, mengine yote ni nyongeza.

Chumba chake kilikuwa mwisho kabisa wa jengo, zamani stoo ya madawati mabovu. Alikifagia mwenyewe, akapaka chokaa mwenyewe, akaleta jiko la mafuta ya taa, beseni, pasi, sufuria kuukuu na sanduku la dawa. Mtihani wake haukuwa na kalamu. Umesema umeosha mikono, lete nikague kucha. Umefunga bandeji, anaivuta, ikichomoka unarudia. Alikuwa mkali, sikufichi. Lakini sikuona mtoto aliyemkimbia.

Na kulikuwa na somo ambalo darasa la sita walilisubiri mwaka mzima. Dada alibeba jiko hadi katikati ya uwanja, akaweka kikaango chenye mafuta kidogo, akayaacha yachemke mpaka yawake moto. Kisha mtoto mmoja mmoja anakwenda, kifuniko mkononi, dada amesimama ubavuni na kifuniko kingine. Anazima jiko, anatelezesha kifuniko juu ya kikaango, anarudi nyuma. Moto unakufa kimya. Wengine walikwenda wakisitasita, wakarudi wamevimba vichwa kama waliozima nyumba nzima. Mama mmoja alikuja kumshukuru kwa sababu mwanawe alimzuia mkono sokoni, kwenye banda lake la kukaangia samaki, ndoo ya maji ikiwa tayari hewani juu ya mafuta yanayowaka.

Kisha akaja mwalimu mkuu mpya.

Mkuu wetu si mtu wa makelele. Anavaa vizuri, anasalimia vizuri, na anapenda methali kuliko wazee wenyewe. "Samaki mkunje angali mbichi," anawaambia watoto kila asubuhi mstarini. Alipofika alikuta stadi za maisha zimeanza kutungiwa mtihani wa kuandika, na shule zinalinganishwa. Akaona njia ya kupandia cheo. Akamwita dada ofisini, nami nilikuwa humohumo nikichukua chaki.

"Mwalimu, moto uwanjani sasa basi," alisema. "Mtoto akiungua nani atajibu? Andika hatua ubaoni, wazikariri."

"Moto haukaririwi, mkuu," dada alisema.

"Mtihani unakaririwa. Na sisi tunapimwa kwa mtihani."

Jioni ileile chumba kilitiwa kufuli, na ndani vikawekwa viti vya plastiki vya wageni waliokuwa wanatarajiwa. Dada akaanza kufundisha kuosha mikono kwa chaki. Nakuapia, watoto wakaimba hatua za kuosha mikono huku bomba la uani limefungwa ili sinki mpya, zilizojengwa kwa ajili ya wageni hao, zisichafuke. Nilipiga kelele kwenye kikao cha walimu mpaka sauti ikanikauka. Wenzangu walitazama viatu vyao. Dada alinivuta pembeni akaniambia nitulie, atakiomba chumba taratibu, wageni wakishapita. Alikipenda chumba kile, na mtu akipenda kitu hukubali kuburuzwa ili asikipoteze.

Darasa la sita la mwaka ule lilikuwa na msichana tuliyemwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa anakariri kitu akisikia mara moja. Mkuu alimpenda sana. Wageni kutoka ofisi za elimu walipokuja kuipongeza shule kwa matokeo ya majaribio, Chiriku ndiye aliyesimamishwa mbele.

"Moto wa mafuta," alisema, mikono nyuma, kidevu juu. "Kwanza, usimwage maji. Pili, zima jiko. Tatu, funika kwa kifuniko. Nne, ita mtu mzima."

Wageni wakapiga makofi. Mkuu alicheka meno yote nje. Na kwa kuwa jikoni mpishi alikuwa peke yake na chakula cha wageni kimechelewa, mkuu akamtuma Chiriku kwenda kusaidia. "Huyu jiko analijua," alisema. Maneno yake hayo, nilisikia kwa masikio yangu.

Mpishi alikuwa anakaanga viazi. Akamwambia mtoto atazame kikaango, yeye akatoka kidogo kupeleka sahani. Mafuta yakapata moto kupita kiasi, yakawaka. Kifuniko kilikuwa pale ukutani kwenye msumari. Ndoo ya maji ilikuwa pale mguuni. Chiriku akainua ndoo.

Tulisikia mlio, kisha ukelele. Dada alifika wa kwanza. Mkono wa kulia wa mtoto, kuanzia vidole hadi juu ya kiwiko, sitausimulia. Dada alimkalisha chini, akawa anaumiminia maji baridi polepole bila kuacha, anazungumza naye kwa sauti ya chini, mpaka likapatikana gari. Unajua mkuu alisema nini? Alisema tupitie geti la nyuma. Wageni walikuwa hawajamaliza kula.

Nilikaa naye dada wodini siku zile. Mama yake Chiriku alikuwa amejikunja kwenye ukingo wa kitanda. Siku mtoto alipoweza kuongea vizuri, alimgeukia dada kabla hajaulizwa chochote.

"Mwalimu, nilikuwa nazijua zote," alisema. "Sikujua tu kwamba ndiyo hii."

Dada alitoka nje. Nilimkuta amesimama koridoni, uso umegeukia ukuta. Alilia kama alivyolia mbele ya lile jiko baridi, na mimi safari hii sikulia. Mimi nilitaka kumpiga mtu.

Mkuu akaitisha mkutano wa wazazi. Kabla ya mkutano alikuja kwa dada na ufunguo wa chumba mkononi, anauchezesha kidoleni. Sauti imejaa asali.

"Mwalimu, wewe waambie tu kwamba mtoto alifundishwa, na matokeo yanaonyesha. Ni utundu wa watoto, ajali kazini. Mambo yakitulia, chumba chako hiki hapa. Hata jiko jipya nitakutafutia."

Nilimtazama dada, na nakiri niliogopa. Nilijua anavyokitaka kile chumba. Angepata kila kitu, na mamia ya watoto wangezima moto wao kwa mikono yao. Bei yake ilikuwa neno moja juu ya mtoto mmoja, kwamba ni mtundu.

Mkutanoni dada alisimama. Hakupandisha sauti, na laiti angepandisha.

"Mtoto huyu hakufundishwa," alisema. "Alikaririshwa, na aliyemkaririsha ni mimi. Niliambiwa nifanye hivyo, nikafanya. Chumba cha kufundishia kina kufuli, ndani huwekwa viti, na baadhi yenu mmevikalia sasa hivi. Chiriku si mtundu. Alitumwa kazi na watu wazima ambao hawakuwahi kumwonyesha kifuniko kinashikwaje."

Wazazi wakageuka kuvitazama viti walivyokalia. Mama yake Chiriku aliinuka kwenye chake akasimama, na alisimama hadi mkutano ukaisha. Mkuu alikohoa, akatafuta methali, hakuipata.

Dada alipata uhamisho kabla ya muhula kwisha. Ulikuwa wa kawaida, walisema, eti kwa mahitaji ya kazi. Alipelekwa shule ya mbali, na somo alilopewa huko ni historia. Alifunga mizigo yake bila lawama, akaniachia mkebe wa vifungo. Mkuu yupo, anasalimia vizuri. Chumba bado ni stoo ya viti.

Somo lake nimepewa mimi. Nilikataa, nikaambiwa nisipolishika litashikwa na mkuu mwenyewe, nikalishika. Nimeingia vita vya ufunguo ule na sijashinda, lakini kikaango changu cha nyumbani kinajulikana sasa na watoto wengi, wanakuja kwangu Jumamosi, na anayetaka kunishtaki anajua ninapokaa.

Mwisho wa mwaka nilisahihisha mtihani wa darasa la sita. Swali lilikuwamo, moto wa mafuta, taja hatua. Nikafika kwenye karatasi ya Chiriku. Nilimtambua kwa mwandiko, herufi kubwa zimelala huku na huku, za mtu anayejifunza upya kuandika, kwa mkono wa kushoto. Kwanza, usimwage maji. Pili, zima jiko. Tatu, funika kwa kifuniko. Nne, ita mtu mzima.

Hakukosea hata neno. Nikampa alama zote.