Bowa Inayokunywa Shaba

Mwadi Kabedi alizaliwa mwaka ambao hakuna aliyeuandika, pande za Sandoa, na siku akiwa na furaha alisema alizaliwa chini ya bowa. Bowa moja tu, uyoga wa pori, mpana hivi kwamba mvua ilipoanza wakunga watatu waliingia chini yake na mbuzi wao, na nafasi ikabaki. Ukimwuliza ilikwenda wapi, alikujibu kwamba walikula mlango tu, nyumba ingaliko.

Sokoni Kolwezi, kwenye njia ya Mutoshi, watu walikuja kusikiliza uongo wake, kisha kwa haya wakanunua bowa. Lakini ndani ya beseni lake hapakuwa na uongo hata kidogo. Mdomo wa Mwadi ulikuwa wa kuchezea. Kisu chake hakikuwa.

Aliuza hasa zile bowa nene ambazo wengi wanaziogopa, zile zisizo na mabamba chini ya kofia, bali sifongo lenye matundu madogo madogo. Porini aling'oa kila moja pamoja na shina lake, akaigeuza. Sifongo likiwa jekundu, aliiacha palepale. Likiwa jeupe au la njano, aliikata na kungoja, akiimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisa. Nyama ikigeuka buluu kabla ya ubeti kwisha, aliitupa. Si kwamba kila ya buluu inaua. Mama yake alipika moja ya buluu miaka yote na akazeeka, lakini yeye aliijua kwa jina, na jina lile alikwenda nalo kaburini. Isiyogeuka, Mwadi aliigusisha ncha ya ulimi, akatema. Chungu, tupa. Wala hakuwaamini funza.

"Funza anakula sumu na analala muzuri," alikuwa akiwaambia wanunuzi. "Tumbo yake haiko tumbo yako."

Wakati ule alikuwa amebakiwa na pori moja. Mengine matatu yalikuwa yameliwa na machimbo na makala, mkaa wa kupikia. Hili moja, miombo minene nyuma ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa mguu, hakumwonyesha mtu. Mume wake alikufa, watoto wake wakatawanyika bila habari, na mikono yake haikujifunza kazi nyingine. Pori lile likienda, Mwadi naye angekuwa bibi tu mwenye beseni tupu.

Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, bowa mbaya moja ilijificha kati ya nzuri. Aliikata mbele ya watu, nayo ikageuka buluu kama wino uliomwagika. Mchimbaji mmoja, Gracien, mtu wa miaka thelathini hivi aliyetoka Mbuji-Mayi kutafuta bahati, alikuwa amechuchumaa anachagua.

"Mama, inafanya vile juu ya nini?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: hakujua. Lakini Simone, jirani yake aliyeuza sombe, majani ya muhogo, alikuwa ameshaacha kupanga mafungu yake ili asikie, na Mwadi hakuweza kumnyima.

"Tata, hii inakunywa shaba," akasema polepole. "Muzizi yake inashuka mita kumi na mbili. Ikikuta jiwe, inafyonza. Bwana yangu marehemu alikula moja, siku tatu akakojoa kijani kama jiwe ya malakiti. Choo yetu tukaipeleka ku depo ya madini, bakaipima."

Simone alicheka mpaka akashika nguzo. Gracien alicheka pia, kisha akaacha kabla ya wengine. Huku Kolwezi kila mtu analijua lile ua dogo linaloota penye shaba. Wazee walilifuata, likawapeleka kwenye madini. Kama ua linajua, bowa ingekosaje kujua? Aliiomba ile ya buluu. Mwadi akampa bure.

"Usiikule."

"Sitaikula, mama," akasema, akaifunga ndani ya kitambaa kama dawa.

Sasa, Mwadi alikuwa na tabia ya kwenda porini na buti za kazi za marehemu, kubwa, zilizojazwa vitambaa puani. Wakati wa mvua buti zile ziliandika njia yake kwenye matope tangu mlangoni mpaka kwenye mti wa mwisho. Hata asiyesoma angeisoma.

Siku ya nne baada ya kumpa Gracien ile ya buluu, akikaribia pori lake, alisikia shoka kabla ya kuona mtu. Walikuwa watu kumi na tisa. Shimo la kwanza lilikuwa limeshafika kifuani.

"Gracien, muko munatafuta nini huku?"

"Kile ulituambia, mama."

"Ile ilikuwa ya kuchekesha."

"Ya kuchekesha," akawarudishia wenzake. "Na kila siku unakuya mpaka huku na buti ya bwana yako, juu ya kucheka?"

Mwadi akawaambia kweli yote, akiwa amesimama mvuani. "Muangalie miti. Penye shaba mingi muti haikomae, kilima inabakia kipara. Hapa miti iko minene. Njo kusema chini hakuna kitu. Mungu ananisikia."

"Njo maana hakuna mutu alishachimba hapa," akasema mmoja kutoka juu ya tawi. "Huyu mama iko na akili."

"Na kama hakuna kitu," Gracien akauliza kwa sauti ya chini, "unalilia nini?"

Maisha yote ya Mwadi uongo wake ulipewa kiti. Siku alipoleta kweli, hakuna aliyeifungulia mlango.

Walichimba mashimo kumi na moja. Walikuta udongo mwekundu, na chini yake udongo mwekundu. Miti waliikata kushikilia kuta za mashimo, iliyobaki ikawa makala. Halafu wakaondoka. Gracien alipita sokoni mara moja, hakuchuchumaa.

"Mama, ulituchezea," akasema, akaendelea na njia yake.

Mvua zilizofuata Mwadi alikwenda hata hivyo, akazunguka visiki. Bowa na muombo ni mke na mume. Ukimzika mmoja, mwingine hapiki tena. Miezi mitatu alirudi na beseni kavu. Mwishowe, bondeni, pale yanapoteremka maji ya watu wanaoosha madini, chini ya miti michache ambayo majani yake yalikauka kwenye ncha, aliona moja. Nene, nzuri, sifongo la njano. Aliikata, akaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Haikugeuka. Aliigusisha ulimi, haikuwa chungu. Kila alama aliyofundishwa ilisema kula. Lakini ndani hapakuwa na funza hata mmoja, juu hapakuwa na nzi. Kama ilikuwa imekunywa maji yale, kisu chake hakikuwa na jibu.

Akaipeleka sokoni kwa sababu miguu ilizoea kwenda huko.

"Mama Mwadi, leo moja tu?" Simone akauliza. "Ni ya kukula?"

"Sijui."

Simone akaweka sombe chini, akajifuta mikono. Wanawake wawili wakasogea karibu.

"Haya," akasema Simone. "Na kisha?"

"Hakuna kisha. Sijui."

"Usitunyime, mama. Ukasema hujui, na kisha bowa ikajibu nini?"

Walingoja, nyuso zimeshajiandaa kucheka. Mwadi aliiweka bowa chini, akaikanyaga kwa buti ya marehemu, akazungusha kisigino. Ilipopasuka, ndani ilibaki njano, safi kama kiini cha yai.

Simone ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.