Ukuta wa Mama Beatrisi na Nyumba ya Chokaa ya Wales

Nilisafiri kwa sababu ya ukuta. Mama Beatrisi, mjane wa kwetu Bukavu, alinunua nyumba kuukuu ya matofali pale Bluff, mtaa wa Durban, kwa jasho la saluni yake. Ukuta wa chumba chake cha kulala ulikuwa unalowa. Miaka mitatu mfululizo nilikwenda kuupiga plasta ya saruji, safi, mtu angeweza kuchania nywele mbele yake. Miaka mitatu unyevu ulirudi, na kikohozi chake pia. "Fundi, ukuta iko inalia tena," aliniambia mwezi Machi. Wanawe walikwishaamua: ukilowa tena mvua zijazo, nyumba inauzwa na mama anahamia ghorofani Albert Park, katikati ya jiji.

Nilipomsimulia dada yangu Furaha, muuguzi aliyeolewa Wales, alinicheka. Nyumba ya wakwe zake, alisema, ina mamia ya miaka, mvua haikatiki, na ndani ni pakavu. Sikuamini. Akanitumia tiketi.

Mwanzoni mwa Mei niliondoka Durban na mwiko wangu sandukuni. Fundi haendi kukagua kazi ya watu mikono mitupu. Baada ya ndege mbili na treni moja, dada na shemeji Huw walinipokea stesheni, wakanipitisha kwenye vilima vya kijani vilivyojaa kondoo. Mvua ilitusindikiza njia nzima.

Jioni tulifika. Nyumba ni ndefu, nyeupe, imelala kufuata mteremko. Zamani watu walikaa upande wa juu na ng'ombe upande wa chini, paa moja, mlango mmoja, mbolea ikiteremka yenyewe isiwafikie wenye nyumba. Paa ni la vigae vya jiwe jeusi, limebebwa na magogo ya mwaloni yaliyopinda, mawili mawili, yakikutana kileleni. Niliwavulia kofia waliolijenga. Kisha nikabandika kiganja ukutani, mvua ikipiga nje. Mkavu kabisa!

"Saruji gani hii, shemeji?"

"Hata kijiko hakuna," alisema Huw. "Mawe, udongo na chokaa. Kila majira kama haya tunapaka chokaa upya, familia nzima, na mgeni hasamehewi."

Asubuhi alinipeleka nyuma ya nyumba. Kipande kimoja cha ukuta kilikuwa na plasta ya saruji, na chini yake gogo la mwaloni limeoza, linabonyea kwa kidole.

"Baba alileta fundi hodari," alisema. "Ukuta ulikuwa unakunywa maji na kuyatoa wenyewe. Yule fundi akauziba, maji yakabaki ndani."

Alikuwa akimsema mtu nisiyemjua, lakini uso ulinichoma. Plasta ile ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa kama yangu.

Wiki mbili tulibandua saruji kwa nyundo na patasi, tukapaka chokaa tabaka jembamba jembamba, tukingoja kila moja likauke. Dada alipaka, watoto walipaka, nami nikawa mweupe mpaka kope.

Juni nilirudi Durban, na kabla ya kufungua sanduku nikaenda Bluff. Nilimwambia Mama Beatrisi ukweli: matofali yake ni ya zamani, yamejengwa kwa chokaa, na mimi ndiye niliyeyaziba.

Aliweka mikono kiunoni.

"Kumbe miaka tatu yote nilikuwa nakohoa kazi yako?"

"Ndiyo, mama."

"Eish. Basi toa kazi yako kwa ukuta yangu."

Niliibandua yote, nikapaka chokaa, sikudai hata nauli. Nimejenga miaka ishirini nikidhani ufundi ni kuziba. Ilibidi nivuke bahari nijue kwamba kwanza unauuliza ukuta umejengwa kwa kitu gani.

Mvua za Oktoba zilinyesha juma zima. Jumapili simu ikalia: "Fundi, kuja." Nilichukua mwiko na ndoo, nikidhani ukuta umelia tena. Mama Beatrisi alifungua mlango, akaitazama ndoo, akacheka bila kukohoa.

"Weka hiyo inje," alisema. "Leo nilikuitia chakula."