Dereva Anayezungumza na Kioo

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umetanda kwenye lango la Ngorongoro na magari ya watalii yako kwenye foleni. Mgeni wa kiti cha nyuma anauliza kama leo watamwona faru. Dereva wake, Lazaro Hhando, anajibu vizuri tu, ila anajibu akitazama kioo cha mbele. Hageuki.

Ungedhani ni maringo. Kumbe ni aibu.

"Kinywa changu kinanuka, ndugu mwandishi. Nikigeuka, wageni wanafungua dirisha," anasema baada ya kushuka, mkono ukiwa mdomoni.

Lazaro, mzaliwa wa Buger wilayani Karatu, aliianza kazi hii akiwa mwembamba. Ni kazi ya kukaa kutwa, na madereva wana desturi yao: lanchi boksi ambayo mgeni hakuimaliza ni ya dereva. Keki, juisi, mapaja ya kuku, Lazaro hakuacha kitu. Sasa ana kilo 121. Wenzake walimwita Bosi, na jina likampendeza.

Kisha fizi zikaanza kutoa damu kila alipopiga mswaki. Akaona mswaki ndio mbaya, akauweka kando. Harufu ilipozidi, akaificha kwa pipi.

"Nilikuwa nalala nimeangalia ukuta, nisimpumulie mama watoto," anasema, machozi yakimlengalenga.

Mkewe, Antonia, ndiye aliyechoka. "Nilimwambia, baba, mficha maradhi kilio humuumbua. Kama unaona haya kwenda, nitamleta daktari hapa sebuleni."

Lazaro akaenda. Daktari wa meno mjini Karatu, Angela, alimwangalia kinywa, kisha akampandisha kwenye mizani. Lazaro aliona ametukanwa.

"Si kila mnene ana fizi mbovu, na wembamba nao huugua," anaeleza daktari. "Lakini mafuta yakizidi mwilini, fizi huvimba kirahisi na kupona ni kwa shida. Tumesafisha meno, sasa na tumbo lipungue."

Meno mawili ya mbele yamelegea, na bado haijulikani kama yatapona. Mswaki umerudi. Lanchi boksi amewaachia wenzake, nao wanamcheka kwamba Bosi kafilisika.

Alasiri, langoni, wageni wanataka picha. Lazaro ananyoosha mkono apokee simu awapige picha, kama alivyozoea; miaka yote hiyo hana picha hata moja na mgeni. Mama mmoja kati yao anampa mlinzi wa lango simu, anamvuta Lazaro katikati. Anasimama, midomo ameifumba.

"Desemba nina kundi kubwa," anasema baadaye. "Meno yakibaki, nitacheka nao kwenye picha. Yakitoka, nitacheka hivyo hivyo. Nimechoka kuzungumza na kioo."