Cheti cha Mkuu wa Stoo

Mkuu wa stoo aliuchukua ujuzi wa mama mpanga maboksi, akaufanyia mtihani, akapata cheti cha juu cha usimamizi wa uzalishaji na ghala bila kumtaja. Kila asubuhi vidole vyake laini hukipangusa kioo cha cheti hicho. Ofisini sauti yake hujaa chumba. Akifika rafu ya mwisho, kwa mama huyo, hunong'ona.

"Dada, vifuniko vilivyobaki vitatufikisha Ijumaa?"

Mama hutikisa boksi, husikiliza. "Jumatano, msomi wetu. Kwani cheti hakijakwambia?"

Mkuu huandika, huondoka, na mama hubaki bila wa kusema naye. Jana wageni walimuuliza mkuu amejuaje kwamba vifuniko vitaisha Jumatano. Akaitazama rafu ile, akakohoa: "Uzoefu." Mkuu wa stoo angali anadaiwa na mama huyo kauli moja, aitoe mbele ya watu: "Huyu ndiye aliyenifundisha."