Kompyuta ya Mpiga Picha wa Cheptais

Siku yangu ya kwanza katika duka la kompyuta mjini Kitale, Meneja alinikabidhi bisibisi na sidii ya Windows, akasema, "Mzee, kazi hapa ni rahisi. Mashine ikisumbua, fomati." Nilikuwa nimetoka kutengeneza taipureta, na kwa umri wangu nilikuwa kichekesho cha duka. Lakini neno lile lilinikera tangu asubuhi hiyo. Kufomati ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Miaka ile ya elfu mbili mafundi wengi walifomati kwanza, kisha ndipo wakamuuliza mteja alikuwa ameweka nini ndani.

Niwaeleze vijana. Kompyuta ikiwashwa haijui mfumo wake uko wapi. Mwanzoni mwa diski hukaa programu ndogo ya kuuamsha, kianzishi, au butiloda kama tulivyoitamka. Ukiweka Linux, mfumo mwingine kama Windows, kwenye mashine yenye Windows, ilikuuliza kianzishi kikae wapi, kisha mifumo yote miwili ikatokea kwenye menyu uchague. Windows haikuwa na adabu hiyo. Ukiiweka baadaye, iliandika kianzishi chake juu ya kile cha mwenzake bila kuuliza. Linux ilibaki palepale kwenye diski, nzima kabisa, ila hapakuwa na wa kuiamsha.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Bungoma, chini ya Msimamizi, mtu wa tai na haraka. Huko ndiko alikonijia Mama Nafula kutoka Cheptais. Mumewe, mpiga picha, alichukuliwa na watu wenye bunduki wakati wa vurugu za kugombania mashamba, asionekane tena. Nyumba ilichomwa pamoja na albamu. Mama aliteremka mlimani na watoto na kompyuta ya studio tu, ambayo mumewe alikuwa akiweka picha upande wa Linux. Kisha fundi mmoja wa sokoni akaiwekea Windows upya, na picha zote zikatoweka.

"Nataka picha yake moja tu," aliniambia. "Nizunguke nayo kwa polisi na hospitali. Wananiuliza ati anakaa aje, sura yake. Sasa mimi nitasema nini?"

Msimamizi akachungulia skrini. "Hiyo sehemu ingine ya diski haijulikani, si unaona? Futa, mama apate nafasi. Wateja wanangoja, bana."

"Bosi, ni Windows ndiyo haiijui. Mimi naijua."

"Haya, mzee. Ikikushinda usiniite."

Niliiwasha mashine kwa sidii ya Linux, nikaifungua sehemu ile, nikaamuru kianzishi kiandikwe tena mwanzoni mwa diski. Nilipoiwasha upya, menyu ikatokea na mifumo yote miwili. Picha zilikuwemo: harusi, tohara, watoto wa shule, na moja ambayo mpiga picha mwenyewe alijipiga mbele ya kioo, kamera kifuani. Mama Nafula hakulia. Aligusa skrini akasema, "Huyo. Nichapishie huyo."

Kwetu mtu asipopatikana, ukoo huzika mgomba badala ya mwili, ili roho yake itulie. Wiki hiyohiyo shemeji yake akaja dukani.

"Mzee, tutolee ile picha kubwa, ya kuweka kwa jeneza. Hii mambo iishe."

"Mama Nafula amekubali?"

"Ukoo umeamua."

Nilikataa. Msimamizi akanisukuma kando, akachapisha mwenyewe nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya duka. Nilienda mazishini. Picha ilisimamishwa juu ya jeneza, watu wakapita wakiiaga, na Mama Nafula akakaa jikoni akiwa amewapa mgongo. Nilimwonea uchungu ambao sijausahau.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi nje ya Kitale. Vijana huniuliza ni kazi gani ninayojivunia. Kwa ufundi ni ile, sikuwahi kufanya bora zaidi, lakini kila nikitaka kuitaja, roho hunisuta kana kwamba ni mimi niliyechimba lile kaburi.

Kabla sijaacha kazi nilikutana na Mama Nafula sokoni Bungoma. Picha alikuwa nayo bado, ndani ya nailoni. Nikamuuliza amefika wapi.

"Kila kituo nimeingia," alisema. "Juzi afisa mmoja ameiangalia, akaniambia, 'Mama, huyu si mlishamzika? Mimi mwenyewe niliona hii picha kwa jeneza.' Nikamwambia walizika mgomba." Akaikunja ile nailoni taratibu. "Akacheka."