Teke la Shangazi

Mafundi cherehani wote wa mji ule walimjua Mzee Bega, na wote walimkwepa. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto kwa upana wa kiganja, na kila koti aliloshonewa lilimkaa kama limetundikwa kwenye msumari uliopinda. Fundi mmoja alijitia ujasiri akamwuliza, "Mzee, ulizaliwa hivi au uliangushwa?"

"Nilipigwa na Shangazi."

Fundi akarudi kwenye sindano yake. Mambo ya ukoo wa watu hayaulizwi mara mbili.

Shangazi alikuwa bunduki. Si hizi za kufukuzia kunguru mnazojipiga nazo picha, la. Bunduki ya nyati na tembo, mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, risasi yake nene kama kidole gumba cha mponda kokoto. Waliiita Shangazi kwa sababu akisema yeye, ukumbi mzima unanyamaza, na ukimshika vibaya anakuzaba mbele ya wageni. Siku ya kwanza Mzee Bega kuipiga, akiwa kijana mbeba mizigo wa ofisi ya wanyamapori, ilimkalisha kwenye tope, kofia ikaenda huku, kiatu kikaenda kule. Nyati alitoroka, na sishangai kama alikuwa anacheka. Kijana akajipangusa akasema, "Nipeni tena." Wanaume wa namna hiyo hawazaliwi siku hizi, tumebaki wachache, na wengine wetu ndio hao mnaowatania.

Akawa mwindaji wa ofisi, yule anayeitwa mnyama akishaua watu mashambani na wenye midomo wote wamekumbuka kwamba wana shughuli nyumbani. Alifanya kazi hiyo mpaka mvi zikamkuta humo humo. Siri yake ilikuwa moja, na hakuificha. Shangazi ana triga mbili, ya mbele ni ya mtutu wa kulia na ya nyuma ni ya mtutu wa kushoto. Ukivuta ya mbele, teke linakusukuma, na katika kusukumwa huko kidole chako chenyewe kinateleza mpaka kwenye ya nyuma. Teke ndilo mwalimu. Anayevuta ya mbele mara mbili huwa harudi kusimulia, maana nyati aliyejeruhiwa hangoji mtu asahihishe.

Kidole chake kilizoea somo hilo mpaka kikawa kinalisoma peke yake. Akiketi mezani au kwenye kiti chake cha mbao pale sebuleni, utakiona juu ya mkono wa kiti: mbele, nyuma. Mbele, nyuma.

"Baba Watoto," mkewe alikuwa akimwambia, "unaua nini tena hapo? Kuna wageni."

Bega lilipochoka, ofisi ilimpumzisha, na kazi ikaangukia kwa mkwe wake, mume wa binti yao kitinda mimba. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mcheshi, na miwani ya jua haimtoki utosini hata mvua ikinyesha. Mzee alimkabidhi Shangazi kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mtu mtoto mchanga, akarudi ndani kunywa chai.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Asubuhi moja alikuwa amesimama mbele ya kioo ananyoa ndevu. Akapigwa. Hakusikia mlio wala hatua za mtu, alisikia pigo tu, pale pale begani. Lilimrusha mpaka kwenye kabati, vikombe vikagongana, na povu la sabuni likabaki limechora mstari ukutani. Mkewe alikuja mbio, akamvua shati. Begani palikuwa na alama nyekundu iliyoanza kuiva, yenye umbo la kitako cha bunduki, imechongoka kwa chini, na katikati ina kidoti cha ile skrubu iliyochomoza ambayo mzee hakuwahi kuikaza.

"Umeshika tena lile lidude?"

"Mke wangu, lidude liko kwa mkweo."

Mchana mkwe alipita kusalimia, anatabasamu mpaka magego yanaonekana. "Baba, mlikuwa mnatutisha bure! Leo nimeipiga uwanja wa shabaha. Teke lenyewe liko wapi? Kama kupiga chafya!"

Mama alimtazama mumewe. Mzee alitazama chai yake.

Ikawa hivyo. Kijana akienda kwenye shabaha, mzee anapigwa akiwa anafunga viatu, akiwa anakata ukucha, na mara moja akiwa katikati ya salamu na jirani, ambaye alikimbia na mpaka leo hajaimalizia salamu hiyo. Mwisho mzee akaamua kwenda kujionea. Alisimama kando ya uwanja, mgongo ameuegemeza ukutani, akasema, "Piga mbili, mfululizo."

Mkwe akalenga. Shangazi akanguruma. Mitutu haikuinuka hata unywele, na ile miwani ya utosini haikutikisika. Ni mzee aliyegongwa ukutani. Kupitia machozi ya maumivu aliona jambo lililomtisha kuliko teke: kidole cha kijana kilikuwa bado kimekaa kwenye triga ya mbele, kinavuta, kinavuta tena, na mtutu wa pili umenyamaza.

"Ah! Nimesahau ya nyuma," mkwe akacheka. "Baba, mbona umekaa chini? Mlio umekuangusha?"

"Hulisikii teke kwa sababu linanipata mimi. Na usipolisikia hutajifunza. Nirudishie Shangazi."

"Baba, huo sasa ni wivu wa bunduki. Zawadi hairudishwi bwana."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Hapa asiyesikia alikuwa kijana, na aliyekuwa anavunjika ni mkuu mwenyewe. Daktari wa mifupa aliinua picha kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena. "Mzee, hapa hakuna mfupa. Kuna vipande vimekubaliana kukaa pamoja. Likija teke moja, unaweza kubahatika. Yakija mawili kwa mpigo, mkono huu utabaki wa kujazia shati."

Hata wiki haikupita, ikaja habari kwamba nyati aliyechanwa mguu na waya wa mtego ameingia mashambani. Alikuwa ameshamuua mchunga mbuzi. Ofisi ilimtuma mkwe asubuhi hiyo hiyo. Mama alimpigia simu, akasikia sauti ya kunong'ona: "Mama, niko kwenye nyayo. Nitakupigia."

"Mwambie arudi!" mama akamgeukia mumewe. "Mkono wako huo!"

"Akirudi, nani ataingia pale? Wenye mikuki? Lete mto."

Mama alimfunga mto begani kwa kitenge, mafundo matatu ya hasira. Mzee akakaa kwenye kiti chake. Jua lilikuwa limetandazwa sakafuni, redio ya jirani inaimba, kuku wanachakura chini ya dirisha. Mama alisimama mlangoni akiwa ameshika mwiko, sijui ampige nani nao.

Kisha kuku wakaacha kuchakura. Redio iliendelea kuimba, lakini kama inaimbia ndani ya mtungi. Harufu ikaingia sebuleni, ya majani yaliyopondwa, ya jasho, na pumzi nzito yenye joto, pumzi ya kitu kikubwa.

Teke la kwanza likaja. Kiti kilirudi nyuma kikakwaruza sakafu. Mzee akauma meno, akangoja.

La pili halikuja.

Mwindaji mzee anaijua nafasi iliyopo kati ya risasi ya kwanza na ya pili kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe. Nafasi ile ilikuwa inapita. Ikapita. Pumzi ilikuwa sasa imejaa chumba chote, na glasi za kabatini zilianza kugongana kama kuna kitu kizito kinakuja mbio juu ya udongo mkavu. Nyumba ile ilikuwa na sakafu ya saruji.

"Anavuta ya mbele," mzee alisema. "Mama Watoto, anavuta ya mbele!"

"Mwache! Mkono wako!"

"Na binti yetu tumwambie nini?"

Akainua mikono miwili, mitupu, akaiweka kama inavyowekwa. Shavu akalilaza juu ya hewa. Mama aliona kidole cha shahada kikiipita triga ya mbele isiyokuwepo, kikarudi nyuma, kikavuta.

Hakuna aliyesikia mlio. Mto ulipasuka, pamba ikajaa chumba kizima, na kioo cha kabati kikaanguka vipande. Harufu ya baruti ikakaa juu ya vitambaa vya makochi. Mzee alikuwa bado ameketi, macho wazi, mkono wa kulia unaning'inia kama wa mtu mwingine aliyelala. Kuku wakaanza tena kuchakura.

Mkwe alifika alasiri. Miwani haikuwepo, na shati lote lilikuwa na mate mazito ya mnyama. Hakuketi kwenye kochi, aliketi sakafuni, karibu na miguu ya mzee.

"Baba, nilivuta ikagoma. Nikavuta, nikavuta. Alikuwa hapa," akaonyesha mlango, "hapa, Baba, naona kope zake. Halafu Shangazi akafyatuka mwenyewe. Kidole changu kilikuwa bado mbele."

"Najua," mzee akasema.

"Unajuaje?"

Mama alichukua ufagio akaanza kukusanya pamba, na kijana akatazama pamba, akatazama mto, akatazama ule mkono. Kwa mara ya kwanza tangu aoe kwenye nyumba ile alikosa mzaha.

Daktari alisema mkono umekufa. Aliuchoma sindano kuanzia bega hadi kucha, na mzee akawa anamuuliza kama ameshaanza. Siku hizi koti linamkaa vibaya zaidi na mafundi wameshakata tamaa. Chai anawekewa upande wa kushoto, na ule wa kulia mkewe humlazia juu ya mkono wa kiti kila asubuhi, kama anavyotandika kitambaa.

Mkwe bado ni mwindaji wa ofisi. Lakini hatoki kwenda porini kabla hajapita pale. Anasalimia, anachuchumaa, na kabla hajaagana anakitazama kile kidole cha shahada cha ule mkono uliokufa, juu ya mbao. Kikiwa kinakwenda, mbele, nyuma, mbele, nyuma, anamchukua Shangazi na kuondoka bila kugeuka.

Juzi alikikuta kimetulia. Mzee alikuwa macho, anapuliza chai yake, anamtania kuhusu miwani mipya. Mkwe alikingoja kidole mpaka chai ikaisha. Kisha akavua buti.

"Leo siendi, Baba," akasema.

"Nani kakuuliza?" mzee akajibu, na kumsogezea kikombe.